504 iliyolala majini: USIWASHE

Mkuu, kabla hujamaliza kusoma hapa, mpigie simu fundi wako umwambie asije.

Umeandika Peugeot 504 ya marehemu babu yako imelala kwenye maji siku mbili, yamefika usawa wa taa, sasa yameondoka. Unauliza viti uvianike au ushone upya, raba za vioo zinapatikana wapi, rangi ya asili utaipataje. Halafu mwishoni, kama jambo dogo tu, unasema "leo saa 10 jioni fundi anakuja na betri yake tuiwashe tuone inadai nini."

Inadai mumuache fundi kwao.

Mimi nilikuwa na 504 kama hiyo hiyo, ya baba. Desemba 2011, Dar es Salaam, mvua ile iliyofanya watu wa Jangwani wahamishiwe Mabwepande, gari ilikuwa kwa baba mdogo Kigogo, karibu na bonde. Mto Msimbazi ukaja usiku. Tulipoiona tena ilikuwa na tope mpaka kwenye dashibodi, na kambale mmoja chini ya kiti cha nyuma. Sitanii. Baba mdogo alitaka kumkaanga.

Tukaiosha, tukaianika siku nne milango wazi. Hapo ndipo nilipomleta fundi. Jina simtaji kwa sababu bado ananidai elfu kumi ya soda, na akiona nimemtaja atakuja kuidai. Alifungua boneti, akachungulia, akaguna kama daktari bingwa, akasema: "Pijo haifi kwa maji. Hii ndiyo iliyoshinda Safari Rally, hii." Ni kweli ilishinda, 1975, Ove Andersson akiwa kwenye usukani. Ila Andersson hakuilaza kwenye mto Msimbazi na kambale! Mimi kwa ujinga wangu nikaona maneno yana uzito. Mtu anayejua historia ya gari si atakuwa anajua na injini yake?

Betri ilikuwa imekufa. Nakwambia, kufa kwa ile betri ilikuwa ni Mungu ananiokoa, mimi nikamkatalia. Fundi akasema tusihangaike na betri, tuivute. Tukaazima Canter ya jirani, kamba, gia namba mbili, mguu kwenye klachi. Canter ikashika mwendo, nikaachia klachi. Tairi za nyuma zikafunga papo hapo, kwiiii, gari ikaburuzwa kama jeneza. Mtu mwenye akili angeshuka pale. Fundi akapiga kelele dirishani: "Imeshikana kidogo tu, vuta tena!" Tukavuta tena. Mara ya tatu ikakohoa, ikatoa moshi mweupe wa kufunika mtaa mzima, ikawaka. Mama mdogo akapiga vigelegele. Nina picha za siku ile, nacheka kama nimeshinda ubunge.

Sasa nikueleze nilichokuwa nimekifanya, maana mwenyewe nilikielewa baada ya miezi. Maji hayaingilii kwenye kabureta peke yake. Ekzosi, bomba la moshi, iko chini kuliko kila kitu, maji yanapanda nayo mpaka kwenye manifoldi, pale inapoungana na injini, na silinda yoyote ambayo valvu yake, yaani mlango wake, ilikuwa wazi siku gari inazimwa inajaa. Hewa pistoni, ile inayopanda na kushuka ndani ya silinda, inaikandamiza, maji hayakandamiziki. Hata chembe. Injini ya 504 ya cc 1971 ina silinda nne, kila moja karibu cc 493. Pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki ni cc 60 hadi 70 hivi. Unajua ni kiasi gani? Kikombe kimoja cha kahawa ya kijiweni, kile cha kunywea na kashata. Maji ya kujaza kikombe kile yakiwa mle ndani, pistoni haina pa kwenda, na kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoishika.

Na kuvuta ni kubaya kuliko stata. Stata ikikutana na maji mara nyingi inagoma, inalia "tk" unabaki hapo. Canter haigomi. Canter ina uzito wake na dereva wake aliyeahidiwa chakula.

Basi ikawaka, inagonga ko-ko-ko. Fundi: "Tapeti hizo, oili ikipanda zitanyamaza." Nikaiendesha siku tatu na huo mlio, redio juu ili nisiusikie. Siku ya tatu, Morogoro Road, sijafika Manzese darajani, mlipuko chini ya miguu yangu, oili barabarani kama nimechinja ng'ombe. Konrodi ya silinda ya tatu ilikatika ikatoka ubavuni mwa bloku, mwili wenyewe wa injini. Tundu la kupitisha ngumi. Bloku ya chuma, mkuu! Nikampigia fundi, akaniambia, nanukuu neno kwa neno kwa sababu sitalisahau: "Hilo sasa ni tatizo lingine."

Gerezani, kule Kariakoo kwenye maduka ya spea, nilizunguka duka kwa duka wakanichoka. Kila mtu ana mdogo wake mwenye 504 imelala uani, ukienda unakuta ni 404, Pijo ya zamani zaidi, au ni mlango mmoja na kumbukumbu. Miezi saba. Injini nikaipata Tanga kwa mzee mmoja, milioni moja na laki nane, bado usafiri, bado kuishusha ya zamani na kufunga hiyo. Jumla milioni nne na ushee. Kwa pesa ya wakati ule, wakati nilikuwa nachumbia. Posa ilichelewa mwaka mzima kwa ajili ya kikombe cha kahawa.

Nilichotakiwa kufanya kingenigharimu oili lita nne mara mbili, plagi nne na jasho. Haifiki laki mbili.

Kwa hiyo wewe chomoa betri, anza na waya wa negativu. Funguo usiiguse hata kusikiliza redio, waya zikiwa na unyevu ukapitisha umeme, shaba inaliwa inageuka kijani. Vuta kijiti cha oili: kama kimepanda kuliko kawaida au kina rangi ya chai ya maziwa, hiyo si oili tena. Fungua nati ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, polepole. Maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia yenyewe. Kisha plagi. Kwenye 504 plagi zimezama kwenye mashimo marefu, na mashimo hayo yamejaa maji na tope, ukifungua hivi hivi unayamwagia ndani ya silinda mwenyewe. Nyonya kwanza na bomba la sindano, pangusa, ndipo ufungue. Zote nne zikiwa nje, weka oili kidogo kila tundu, ulaze usiku mmoja, kesho uzungushe kwa MKONO, spana kwenye nati ya puli, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini. Uso usiuweke juu ya matundu. Yakiruka maji utanielewa. Ikigoma, iache, weka oili tena, subiri. Usiongeze bomba kwenye spana ili kupata nguvu.

Giabox na difu, zile gia za ekseli ya nyuma, fungua uangalie pia, na tangi la petroli, maji yanakaa chini yake. Breki hizo usiziamini kabisa mpaka zifunguliwe.

Viti vitoe vyote, na kapeti ng'oa hata kama linaonekana limekauka, chini yake sakafu inaoza huku wewe unapiga pasi kitambaa.

Sasa hivi ni saa 8 na nusu. Fundi saa 10. Nenda kachomoe hiyo betri, na kama anakuja na ya kwake, funga geti hata Canter isipite. Plagi zikitoka weka picha hapa ya kilichotoka nazo, hasa silinda ya tatu.