Tunataka VAT iondolewe kwenye mafuta ya alizeti: tupitie mlango gani?

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha wakamuaji wa alizeti hapa Kizota, Dodoma. Mwezi Mei tuliiandikia ofisi ya TRA (Mamlaka ya Mapato) ya mkoa, nakala kwa mbunge, tukiomba mafuta yetu yasamehewe VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Hatukujibiwa, na bajeti imeshapita. Tufanye nini mwakani?

JIBU: Ndugu Katibu, barua ilikwenda kwa asiye na mamlaka ya kuwapa mlichoomba. Kwa Ibara ya 138 ya Katiba, kodi hutozwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge tu. Meneja wa TRA anakusanya kilichoandikwa. Hata akikubaliana nanyi, hawezi kukifuta.

Lakini kabla ya mlango, ombi lenyewe linanipa wasiwasi. Je, wanachama wenu wangapi wamesajiliwa VAT? Tangu mwaka 2023 kiwango cha lazima cha kujisajili ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Mwenye mashine moja ambaye hafiki hapo hatozi VAT kwenye mafuta yake hata sasa, kwa hiyo msamaha hautampunguzia hata senti.

Kwa waliosajiliwa, pigeni hesabu kwanza. Alizeti ghafi haina VAT, ila umeme unayo: tazameni risiti ya LUKU, 18% imeandikwa pale. Madumu, vipuri na lebo navyo vina VAT. Tuseme kwa mwezi kinu kimenunua vitu hivyo kwa milioni 10 kabla ya kodi; VAT yake ni shilingi 1,800,000. Mafuta yanapotozwa VAT, mnaikata kwenye VAT mliyokusanya kwa wateja. Mkipewa msamaha, mteja hatozwi 18%, sawa, lakini ile 1,800,000 hamuidai tena popote. Inaingia kwenye gharama za kinu. Mkiomba kiwango cha sifuri, mteja hatozwi na nyie mnadai marejesho. Kwenye karatasi maneno hayo mawili yanafanana, kwenye mfuko wenu hayafanani kabisa. Nimeona vyama vikishangilia msamaha, kisha wanachama wakapandisha bei ya mafuta. Ubaya wa sifuri ni kusubiri marejesho, na Serikali nayo hupenda zaidi msamaha kwa sababu haurudishi fedha. Jadilianeni kwenye mkutano wenu mkuu, mchague kwa kujua.

Sasa milango. Mapendekezo ya kodi hupelekwa Wizara ya Fedha, pale Mji wa Serikali, Mtumba. Mnayo bahati wenzenu wa Mtwara hawana: mnaweza kupeleka kwa mkono na kurudi mchana. Hakikisheni yamefika kabla mwaka wa kalenda haujaisha. Mwezi Mei hesabu za mapato zimeshapangwa, na kila anayeomba kupunguziwa anaulizwa pengo litazibwa na nani. Juni, Muswada wa Sheria ya Fedha ukishasomwa, Kamati ya Bajeti ya Bunge hupokea maoni ya wadau hapa hapa Dodoma, lakini kwa muda mfupi sana, maana sheria huanza Julai 1. Nendeni huko kutetea mlichokwisha kukiwasilisha, msiende nacho kwa mara ya kwanza.

Andiko lisizidi kurasa tatu. Litaje kifungu au jedwali la Sheria ya VAT mnalotaka libadilishwe na maneno mnayopendekeza, liambatane na hesabu za vinu kadhaa zinazotokana na risiti za EFD, yaani za mashine za kodi. Malalamiko bila namba husomwa na kuwekwa faili. Pitisheni nakala TCCIA mkoa, yaani chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima, na muwatafute wenzenu wa Singida; ombi la mikoa miwili ni zito kuliko la mtaa mmoja wa viwanda.

Ushuru wa mazao ni wa halmashauri, huo upelekeni kwenye Baraza la Biashara la Mkoa, ambalo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa.

Na kama kinachowaumiza hasa ni mafuta ya kutoka nje, VAT siyo dawa yake. Ushuru wa forodha huamuliwa na mawaziri wa fedha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kabla ya bajeti kusomwa, na viwango vya pamoja ni 0, 10, 25 na 35%. Wizara ndiyo inayowasemea huko, kwa hiyo ombi hilo liandikieni barua yake peke yake, na litangulie lile la VAT.