Miguu Haiendi: Kwa Mnaoanza Wodi Mtwara na Lindi

Kila kundi jipya la wanafunzi wa utabibu na uuguzi linaloingia wodini huku Kusini linarudia kosa lilelile. Mgonjwa kaletwa kutoka Newala au Nachingwea, miguu haiendi, na kabla shuka halijafunuliwa mtu ameshaandika "paraplejia" (kupooza miguu yote miwili) kwenye faili na kwenda kutafuta dripu. Wadogo zetu, ndugu waliomleta wameshasema kwamba miguu haiendi. Kazi yenu ni kusema njia imekatika wapi: kwenye ubongo, kwenye ugwe mgongo (kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo), kwenye mzizi wa neva, kwenye neva, au kwenye msuli wenyewe. Ukishajua mahali, orodha ya magonjwa inabaki fupi. Ukiruka hatua hiyo, utamtibu mtu kwa kubahatisha.

1. Vifaa. Nyundo ya rifleksi (mruko wa kiungo usio wa hiari kikigongwa), pamba, njiti iliyochongoka ya kutupwa baada ya mgonjwa mmoja, uma wa kupimia mtetemo, tochi. Visikae kwenye kabati la ofisi ya sista, vikae mfukoni mwako. Goti linakupa L3 na L4, kifundo S1, mbele ya kiwiko C5 na C6, nyuma yake C7. Herufi ni sehemu ya mgongo: C shingo, T kifua, L kiuno, S sakramu, chini ya kiuno; namba huhesabu pingili, au vipande vya ugwe, kutoka juu. Kabla ya kugonga, msalimie mtu, mwambie unachotaka kufanya, na mlegeze. Mzee aliyekaza mguu kwa hofu hana rifleksi ya kusomeka. Akishindwa kulegea, mwambie afunganishe vidole vya mikono na kuvuta, kisha gonga akiwa anavuta.

2. Mkwezi aliyeanguka. Hapa tutakaa, maana ndipo wengi mnapoharibu.

Anayeanguka kutoka juu ya mnazi mara nyingi hutua kwa visigino au makalio. Nguvu inapanda mgongoni na kuvunja pale pingili za kifua, zilizoshikwa na mbavu, zinapokutana na za kiuno zinazonyumbulika, yaani T12 na L1. Kwa hiyo ukikuta kisigino kimevimba, chunguza mgongo hata kama halalamikii mgongo. Ukikuta mgongo umevunjika, bonyeza visigino vyote viwili.

Kosa la kwanza ni la hesabu. Picha inaonyesha pingili ya T12 imepondeka, na mwanafunzi anaandika kwamba ganzi lazima ianzie T12. Siyo. Ugwe mgongo wa mtu mzima ni mfupi kuliko uti wa mgongo: unaishia karibu na L1 na L2, na chini ya hapo ni mizizi ya neva tu, ule mkia wa farasi. Kwa sababu hiyo vipande vya ugwe vinakaa juu kuliko pingili zenye namba yao. Ili kupata kipande cha ugwe kutoka namba ya pingili, kwenye kifua cha juu ongeza 2, kifua cha chini ongeza 3, na nyuma ya T12 na L1 tayari uko kwenye vipande vya mwisho vya kiuno na vya sakramu, vinavyoshughulikia nyayo, kibofu na haja kubwa. Ndiyo maana mtu mwenye T12 iliyovunjika anaweza kukunja nyonga vizuri huku kibofu kimejaa mpaka kitovuni na yeye hasikii chochote. Na aliyevunjika L3 ameumia mizizi, siyo ugwe: miguu yake italegea na kubaki imelegea, mara nyingi upande mmoja zaidi ya mwingine. Usikae ukisubiri ikakamae.

Kosa la pili ndilo linaloumiza watu. Ugwe ukiumia ghafla, kila kitu chini ya jeraha kinazimika kwa muda. Misuli inalegea, goti halirushi, nyayo ikikwaruzwa inaweza isijibu kabisa. Hali hiyo huchukua siku, mara nyingine wiki kadhaa, ndipo rifleksi zinarudi, na zinarudi kali kuliko za kawaida. Mwanafunzi anayepima saa ya tatu baada ya ajali anaona mguu mlegevu, anakumbuka somo la darasani kwamba mguu mlegevu ni wa niuroni ya chini, ile itokayo kwenye ugwe kwenda msulini, anaandika "niuroni ya chini, ugwe umekatika kabisa". Akitoka hapo anawaambia ndugu kwenye korido kwamba mtu wao hatatembea tena. Neno hilo likishatoka halirudi. Familia inahesabu nauli, inamrudisha kijijini, na anayerudi hospitali baadaye ni mtu mwenye vidonda vya kulalia hadi mfupani na figo zilizoharibika kwa mkojo kurudi juu.

Katika kipindi hicho hakuna anayeweza kusema kwamba jeraha ni kamili. Kinachotoa dalili ya mapema ni eneo dogo ambalo wanafunzi wengi wanaliruka kwa aibu: ngozi inayozunguka njia ya haja kubwa, S4 na S5. Vuta pazia, omba ruhusa, mtafute mwenzako wa jinsia ya mgonjwa. Gusa kwa pamba, kisha kwa njiti, kulia na kushoto. Vaa glovu, ingiza kidole, mwambie abane. Akihisi mguso tu, au akibana hata kidogo, njia haijakatika yote, na mtu huyo ana nafasi ya kupata nguvu zaidi siku zijazo. Andika ulichokuta pamoja na saa. Rudia kesho yake, uandike tena.

Mpaka wa ganzi utafute kutoka chini kwenda juu, polepole, kila upande peke yake, mgonjwa kafumba macho. Chuchu ni T4, kitovu T10, kinena L1. Uweke alama ya kalamu kwenye ngozi. Mpaka ukipanda kati ya raundi mbili, huenda kuna damu au uvimbe unaokandamiza ugwe, na hapo unaita mkubwa wako sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Pima maumivu na mtetemo, vyote viwili, maana havipiti njia moja. Habari ya maumivu na joto huvuka upande wa pili ndani ya ugwe karibu na inapoingilia; ya mtetemo hupanda upande uleule na kuvukia medula, sehemu ya chini ya shina la ubongo. Aliyechomwa kisu mgongoni upande wa kulia atakuwa na mguu wa kulia dhaifu usiohisi mtetemo, na mguu wa kushoto wenye nguvu usiohisi njiti. Wanafunzi humwona anaigiza. Haigizi.

Jeraha likiwa juu ya T6, presha inaweza kushuka huku mapigo yakiwa ya polepole na ngozi ya joto, kwa sababu amri ya kubana mishipa ya damu haishuki tena. Hakikisha kwanza havuji damu tumboni au kifuani, kisha usimjaze maji kama anayevuja. Jeraha la shingo, hesabu pumzi: kiwambo, msuli mkuu wa kupumulia, kinaendeshwa na C3 mpaka C5.

Rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, kutoka Mtwara ni safari ya zaidi ya kilomita 500. Mpira wa mkojo uwekwe kabla gari halijawaka. Kumgeuza ni watu wanne, aliyeshika kichwa ndiye anayehesabu, mwili mzima kwa pamoja. Ageuzwe kila saa 2, njiani pia. Anayesindikiza afundishwe kabla ya kuondoka.

3. Si kila mwenye miguu iliyokakamaa ameanguka. Mkoa wa Mtwara uliwahi kupata milipuko ya konzo, ugonjwa wa kupooza miguu utokanao na muhogo mchungu, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtoto au mama aliyekuwa mzima jana anaamka miguu yote miwili imekakamaa, anatembea kwa ncha za vidole, magoti yanagongana. Goti likigongwa linaruka, kifundo kikisukumwa kinatetema. Lakini pamba anaihisi, mkojo anaudhibiti, na hali haizidi siku hadi siku. Hapo umeshajua mahali: niuroni za juu peke yake, zile zinazoshusha amri kutoka ubongoni. Uliza chakula. Muhogo mchungu ulioanikwa tu bila kulowekwa siku kadhaa hubaki na sumu ya sianidi, na mwili unahitaji salfa kutoka kwenye protini ili kuiondoa. Kipindi cha ukame, nyumba inayokula makopa mchana na usiku bila kunde wala samaki ndiyo inayopigwa. Ukipata mmoja, waulizie ndugu na majirani, kisha mjulishe mganga mkuu wa wilaya. Miguu iliyokwisha kukakamaa hairudi ilivyokuwa, mazoezi ya viungo humsaidia kutembea, na waliobaki nyumbani bado wanaweza kukingwa.

4. Mtoto chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla ni taarifa ya polio mpaka ithibitike vingine: sampuli 2 za choo, zipishane saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu alegee, kwenye barafu.

5. Sindano ya tako ni robo ya juu kwa nje. Neva kubwa ya mguu inapita chini na ndani, na ukiichoma mtoto ataburuza unyayo.

6. Mdomo umepinda: mwambie akunje paji la uso. Likikunja pande zote, tatizo liko juu, ubongoni. Upande mmoja ukigoma, ni neva ya uso yenyewe.

7. Kabla ya kuandika kiharusi au malaria ya ubongo, pima sukari. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili na unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, wala hauna ghala la maana. Sukari ikishuka, mtu anaweza kupooza upande mmoja kabisa, na dekstrosi (sukari ya kuchoma mshipani) ikamwinua. Kipimo kinataka tone moja la damu. Kifanyeni mapokezi, msisubiri wodi.