"Have a go" na wenzake: tazama kinachofuata

Nafundisha Kiingereza cha mazungumzo kwa watu wazima, wengi wao wa hotelini na waongoza watalii. Misemo ya kujaribu na kupambana ndiyo inayowatesa zaidi, kwa sababu kila neno likiwa peke yake wanalijua.

Ushauri wangu: usiikariri kwa orodha. Shika tukio, kisha tazama kinachofuata msemo. Mwanafunzi wangu mmoja wa mapokezi aliambiwa na mgeni wa Kiingereza, "Your manager had a go at me." Akatabasamu, akidhani meneja kamjaribishia mgeni kitu. Kumbe mgeni analalamika kwamba meneja kamjia juu! "Have a go" ni jaribu tu, na "have a go at" ikifuatiwa na kazi au mchezo bado ni kujaribu. Ikifuatiwa na mtu, mara nyingi huyo mtu kasemwa vibaya. Darasani sasa swali letu ni moja: baada ya "at" kuna nini, au kuna nani?

"Take on" nayo ina sura nyingi. Kwenye habari za michezo, "Arsenal take on Chelsea" ni kuvaana, kama magazeti yetu yanavyoandika Simba kuvaana na Yanga. Lakini kampuni ikisema "we're taking on drivers", hakuna ugomvi, inaajiri madereva. Changamka upeleke maombi. Na "she took on too much" ni mtu aliyejitwika mzigo kuliko uwezo wake.

"Stab", "shot" na "crack" zisikutishe. "Take a stab at it", "give it a shot", "have a crack at it": zote ni kutia mkono uone itakuwaje, hakuna kisu wala risasi.

Inayohitaji uangalifu ni "try it on". Dukani, mteja anajipima shati. Mwingereza akimsema mtu "he's trying it on", anamaanisha huyo anataka kumwingiza mjini. Ukiwa kwenye biashara ya utalii, hii ijue mapema.

Kuna na zile zenye historia, ambazo mimi nazipenda sana. "Throw down the gauntlet" inatokana na glavu ya chuma ya mashujaa wa Ulaya wa zamani: ukiitupa chini umetoa changamoto, anayeiokota kakubali pambano. "Throw your hat in the ring" ilitoka kwenye ndondi. Mwaka 1912 Theodore Roosevelt, yule aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 akienda kuwinda, alitangaza kwamba kofia yake iko ulingoni, yaani anawania tena urais wa Marekani. Sisi tungesema amejitosa kwenye kinyang'anyiro. Ukiishika hivyo, kwa msemo wetu wenyewe, haikutoki.

Mwisho, angalia unaongea na nani. "Have a go" na "give it a shot" ni za mazungumzo. Kwenye barua ya kuomba kazi, "I'd like to have a go at this job" itaonekana kama unabahatisha. Andika "I am ready to take on this role."