Anti, nikubali kazi ya Muscat au nibaki na mama?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni nesi, nina miaka 29, nimeajiriwa na serikali kwenye kituo cha afya huku Njombe. Nimepata ofa ya kazi Muscat, mkataba miaka miwili, hela nzuri mno ukilinganisha na ninachopata sasa. Shida mama ana presha na mimi ndo namhudumia, halafu mchumba wangu hataki hata kusikia. Mtumishi mmoja kaniombea akasema ameoneshwa ndege, niende. Wiki iliyofuata mama mmoja wa maombi akasema kaota nalia, nisiende. Usiku nikitoka zamu nafungua Biblia popote nasoma mstari nitakaoangukia, leo unanipa moyo kesho unanitisha. Mungu anataka nini? Natakiwa nijibu mwisho wa mwezi.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, maana hapo umevutwa huku na huku mpaka umechoka.

Hiyo ya kufungua Biblia popote naomba uiache. Najua wanaoitetea humtaja Mtakatifu Augustino, kwamba mwaka 386 kule Milano alisikia sauti kama ya mtoto ikimwambia chukua usome, akafungua Warumi 13 na maisha yakageuka. Ni kweli, lakini kabla ya hapo alishashindana na nafsi yake miaka mingi, kasikiliza mahubiri ya askofu Ambrosi, kaenda kwa padri mzee kumweleza hali yake, yaani ule mstari ulimkuta mtu aliyeshaandaliwa. Na alipokuja kuwa askofu aliandika kwenye barua kwamba hapendi kabisa watu wanaopiga kura kwa kurasa za Injili ili waamulie shughuli zao za dunia. Huyo huyo Augustino!

Ule unabii na ile ndoto usividharau ila usivitii kwa woga, Paulo kawaambia Wathesalonike "msitweze unabii, jaribuni mambo yote." Huyo mtumishi na huyo mama wa maombi hawaujui mkataba wako wala dawa za mama yako.

Mimi ninayekupeleka kwake ni Mtakatifu Inyasi wa Loyola, yule mwanzilishi wa Wajesuiti. Alikuwa mwanajeshi, mwaka 1521 risasi ya mzinga ikamvunja mguu vitani kule Pamplona, Hispania, akalala kitandani miezi anawaza tu. Akiwaza sifa na ukuu alifurahi kwa muda kisha moyo unabaki mkavu, akiwaza kumfuata Kristo utulivu ulibaki hata mawazo yenyewe yakishapita. Ndo akawafundisha watu kwamba ukiwa kwenye giza la moyo usibadilishe ulichokiamua ukiwa na utulivu. Sasa wewe unaamua usiku wa manane, umetoka zamu, miguu imevimba, hapo kila kitu kitakutisha mwanangu. Omba asubuhi umeshalala, siku kadhaa jiweke kama umeshakubali kwenda uone moyo unabaki na nini, siku nyingine jiweke kama umekataa. Alishauri pia uwaze mtu usiyemjua kabisa kakuletea shida hii hii, ungemwambia nini? Jibu hilo liandike.

Halafu Luka 14, Bwana anauliza nani atajenga mnara bila kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Kuketi huko ni ibada kabisa kwangu, wala usione ni kukosa imani. Muulize afisa utumishi wa halmashauri kama unaweza kupata likizo bila malipo au ndo ajira inakwisha. Kama ofa imekuja kupitia wakala, waulize TaESA, wale wa serikali wa huduma za ajira, kuhusu huyo wakala. Kwenye mkataba angalia nani anashika pasipoti, nani analipa nauli ya likizo, ukitaka kuondoka mapema inakuwaje. Tafuta nesi aliyewahi kufanya kazi huko umsikilize bila kumkatiza. Na mama, je, umemuuliza mwenyewe? Kwenye barua yako yote sijaona anasema nini. Nani atampeleka kliniki, nani atahakikisha kameza dawa, taja mtu kwa jina, usiseme tu "ndugu wapo".

Mchumba naye akwambie anaogopa nini hasa, maana kuogopa kukupoteza na kutaka kukutawala ni mambo mawili, na hilo unahitaji kulijua hata usiposafiri. Kaeni naye mbele ya mchungaji wenu anayewafahamu wote wawili. Muda ukiwabana, waandikie hao wa Muscat uombe wiki mbili zaidi, wakikataa hata hizo uniandikie tena kabla hujasaini.