Wananikataa kila upande, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mama mshauri. Niko Atlanta, nimekulia Tabora, napenda wanaume wenzangu na nyumbani hawajui. Kwenye app wazungu wanaandika kabisa hawataki weusi, huku kwa Waswahili wenzangu nikijulikana nimekwisha. Nikimpata anayenitaka nashindwa hata kutaja kondomu, naogopa ataondoka. Nilienda kliniki kupima nikakuta mkalimani ni mama tunayesali naye, nikasema naumwa kichwa, nikapewa panado nikarudi. Ati sisi weusi tunapata VVU zaidi kwa sababu hatutulii?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la mwisho limeniuma so naanza nalo. Si kweli. Mwaka 2016 CDC, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulika na magonjwa, ilikadiria hali isipobadilika, katika mashoga weusi 1 kati ya 2 angepata VVU maishani, Walatino 1 kati ya 4, wazungu 1 kati ya 11. Watu wakaona namba wakahukumu tabia, wakati watafiti waliolinganisha walikuta weusi hawana wapenzi wengi kuwazidi wazungu wala hawaachi kondomu zaidi. Shida ni bima hakuna, kupima kunachelewa, dawa haziwafikii, halafu wakishakataliwa kwingine wanabaki wanatafutana wenyewe kwa wenyewe kwenye kaduara kadogo, virusi vikiingia humo vinazunguka chap.

Na wewe ukikataliwa sana unafika mahali ukipendwa kidogo tu unaona kudai kondomu ni kujiharibia, nakuelewa kabisa. Ndo maana nataka uwe na kinga isiyosubiri mwenzio akubali: PrEP, dawa ya kuzuia VVU anayotumia mtu asiye navyo, kidonge kimoja kila siku, Marekani imeruhusiwa tangu 2012, ipo pia sindano ya kila miezi 2. Haizuii kaswende wala kisonono, kondomu usizitupe. Na kama umelala na mtu bila kinga juzi au jana, kimbia emajensi uombe PEP, dawa ya dharura ya kuzuia VVU baada ya tendo, inatakiwa ianze ndani ya saa 72.

Yule mama mkalimani anabanwa na sheria asitoe siri, ila hofu yako si ya kijinga, jumuiya zetu tunazijua. Piga simu kabla ya kwenda, sema unataka mkalimani wa kwenye simu, aliye jimbo lingine, na asitajiwe jina lako. Kliniki inayopokea hela za serikali inatakiwa ikupe mkalimani bure. Huna bima? Waulize hapohapo kuhusu mpango wa kusaidiwa dawa.

Nenda wiki hii. Hata wakikukuta na VVU, ukimeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo na vikabaki hivyo, humwambukizi mpenzi wako.