Mwenzangu Anahesabiwa Oda za Wateja Wangu

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni afisa mauzo katika kampuni inayosambaza rangi na bati jijini Dar es Salaam, na eneo langu ni Temeke, kuanzia Tandika mpaka Mbagala. Mwenzangu, ambaye amepangiwa Ilala, huwapigia simu wenye maduka niliowasajili mimi, huwaahidi siku za ziada za kulipa, kisha huingiza oda kwa jina lake. Jioni huituma picha ya oda kwenye kundi la WhatsApp la timu, na meneja humpongeza mbele ya wote. Mwezi uliopita oda mbili za namna hiyo zilinifanya nisifikie lengo, nikakosa kamisheni ilhali ada za watoto zinanisubiri. Sipendi ugomvi. Nifanye nini? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Ndugu yangu, pole sana, kutembea juani kumtafuta mteja na kisha kuona jasho lako likilipwa kwa mwingine ni jambo linalouma.

Hukueleza kama kampuni yenu ina kanuni ya maandishi inayosema mteja anahesabiwa kuwa wa nani. Nadhani haipo, kwa sababu ingekuwepo, oda ya duka la Tandika isingepita ofisini kwa jina la afisa wa Ilala bila mtu kuuliza. Mahali ambapo anayewahi kuingiza oda ndiye anayelipwa, hata mtu muungwana hushawishika. Kwa hiyo nakushauri udai kanuni hiyo kwa nguvu zaidi kuliko unavyodai mwenzako akaripiwe.

Kabla ya hapo, zungumza naye mkiwa wawili tu, wala si kwenye kundi. Mtajie duka na tarehe, umwambie kwamba mteja yule umemsajili wewe, na umuulize oda ilifikaje kwake. Msikilize kweli, kwa maana huenda mwenye duka ndiye aliyempigia baada ya kukukosa wewe, au aliwapigia nyote wawili akitafuta masharti nafuu, jambo ambalo mfanyabiashara ana haki ya kulifanya. Pita pia dukani, umuulize mteja kwa upole alichokosa kwako.

Mazungumzo yasipozaa matunda, nenda kwa meneja ukiwa na nakala za fomu za usajili wa wateja, hati za kupokelea mzigo zenye sahihi na mhuri wa duka, na risiti za EFD, yaani za mashine ya kielektroniki ya kodi. Hoja yako yenye uzito mkubwa ni ya madeni. Mwenzako anapomwongezea mteja muda wa kulipa, tuseme kutoka siku 30 hadi 60, ili aipate oda, yeye huhesabiwa mauzo siku mzigo unapotoka ghalani, lakini mwenye duka akichelewa kulipa, anayetumwa kufuatilia fedha ni afisa wa eneo, yaani wewe. Mwombe meneja aweke utaratibu kwamba oda ihesabiwe kwa aliyemsajili mteja, aliyesaidia apewe fungu linalojulikana, na kamisheni ilipwe fedha zikishaingia. Meneja anayewajibika kwa makusanyo atakusikiliza, kwa kuwa hilo linagusa fedha za kampuni.

Sheria nayo iko upande wa maandishi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, yakiwamo ujira na namna unavyokokotolewa. Soma mkataba wako uone kamisheni imeelezwaje. Ikiwa kampuni itakunyima malipo ambayo mkataba unakupa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko ya aina hiyo ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea; lakini ninavyoona, hamjafika huko.

Nakusihi usilipize kisasi kwa kuwafuata wateja wake wa Buguruni. Ukifanya hivyo, meneja atawaona nyote wawili kuwa na kosa lilelile, na nyaraka zako zitapoteza nguvu.

Kuhusu zile oda mbili, mwandikie meneja barua pepe wiki hii, kabla hesabu za mishahara hazijafungwa, ukiomba zipitiwe upya. Ambatisha nakala za hati, umtajie kiasi cha kamisheni unachodai kwa kila oda, na umwombe akujibu kwa maandishi.