Maswali yenu: oda zikikwama kisa huduma moja imelala

Mfumo wetu wa oda tumeuandika kwa BPEL (lugha ya kupanga hatua za mchakato zinazoita huduma za wavuti), huduma ya SMS ikilala oda zote zinasimama. Hizi huduma za wavuti za kisemantiki, zile zinazoelezwa kwa maana ambayo kompyuta inaielewa, zitatusaidia?

Hapo ndo mahali pake. Mmeweka huduma moja kwa jina ndani ya mchakato, ikilala mnalala nayo. Badala yake ile hatua ielezeni kwa mahitaji: inapokea namba ya simu na ujumbe, inatoa risiti, sharti lake salio liwepo, na ikiisha mteja awe ametumiwa ujumbe. Injini, yaani programu inayoendesha mchakato, inatafuta huduma yoyote inayotimiza hayo wakati oda inapita, moja ikifa inashika nyingine.

Si WSDL, lile faili linaloonyesha huduma inaitwaje na inarudisha nini, tayari inaeleza huduma?

Inaeleza umbo, maana haijui. Chukua huduma mbili, zote zinarudisha "bei" na zote desimali, ila moja imeshaweka VAT ya 18% na nyingine bado, WSDL itaziona mapacha kabisa alafu hasara mtakuja kuiona kwenye hesabu za mwisho wa mwezi. Ontolojia, yaani kamusi ya maana na uhusiano wa vitu ambayo kompyuta inaisoma, inazitenganisha. Na sio lazima maneno yafanane, ukiomba usafiri ikaja huduma ya bodaboda, kama ontolojia inasema bodaboda ni usafiri basi inapita. Kinyume chake ndo uwe makini, umeomba bodaboda ukapata "usafiri" tu, linaweza likaja lori 😂

Hizo maana tuziandike kwa OWL-S au SAWSDL?

Mi ningeanza na SAWSDL, W3C, wale wanaoweka viwango vya wavuti, waliipitisha rasmi 2007 na unabandika tu rejea za ontolojia kwenye WSDL uliyonayo. OWL-S ya 2004 ni tamu kwenye masharti na matokeo, SAWSDL haina hayo, ila kuiandika, mh, jiandae.

Mbona sioni watu wakitumia?

Kwa sababu kugombania maana ya neno "mteja" kati ya idara tatu ni kazi kuliko kuandika programu yenyewe, wengi wakakimbilia REST na JSON, njia nyepesi ya kuunganisha huduma. Hata rejista ya umma ya UDDI (orodha ya kutafutia huduma za wavuti), IBM, Microsoft na SAP waliifunga 2006. Kwahiyo fanyeni kwa hatua moja, ile inayowaumiza. Malipo msiiachie injini ijichagulie, maana huduma ya kwanza inaweza ikawa imeshakata hela ila jibu limechelewa, injini ikadhani imekufa ikaenda ya pili, mteja kakatwa mara mbili na anapiga simu kwako sio kwa injini.